Dar hadi Lushoto kwa gari la umeme, bila kituo cha kuchaji

Kutoka Dar es Salaam hadi Lushoto ni kama kilomita 360, na katika safari zangu nne sijakuta njiani mahali palipojengwa kwa ajili ya kuchaji gari. Langu ni Nissan Leaf lililotumika Japani, lenye betri ya kilowati-saa 40, yaani uniti 40 zilezile tunazonunua kwenye LUKU. Betri imeshachoka kidogo, hivyo nikienda mwendo wa 80 nategemea kilomita 210, basi. Lazima nichaji njiani. Soketi zipo kila mahali: gesti, mashine za kusaga, kwa ndugu. Ila soketi ni uso tu. Safari inabebwa na waya ulio ndani ya ukuta, na mtu mwenye mita.

Nianze na waya, maana huo ulikaribia kuniletea msiba. Gari lilikuja na kebo yake ya Japani, ya volti 200 na ampea 15, yenye plagi isiyoingia kwenye soketi zetu. Fundi aliikata, akafunga plagi ya pini tatu, gari likaanza kuchaji, nikafurahi. Sikujua kwamba plagi ile ina fyuzi ya ampea 13, na kwamba mzigo mkubwa inauvumilia kwa dakika chache, kama birika linapochemsha maji. Gari linavuta usiku kucha. Ampea mbili za ziada hazikutosha kukata fyuzi, zilitosha kuipasha moto. Usiku wa kwanza, kwenye gesti moja njiani, niliamshwa na harufu ya plastiki. Soketi ilikuwa imeyeyuka na ukuta juu yake umekuwa mweusi. Watoto wa mwenye nyumba walikuwa wamelala chumba cha jirani. Nililipia soketi na fundi, nikaomba radhi, lakini usingizi haukurudi.

Kama gari lako limetoka Japani, kebo hiyo iache nyumbani. Nunua chaja ya kubeba inayokuruhusu kuchagua ampea, na uitumie kwa unyenyekevu. Mimi nachaji kwa ampea 10. Nyumba ikiwa ya zamani nashusha hadi 8. Kwa ampea 10 unavuta kama wati 2,300, na ukitoa kinachopotea, betri inapata uniti 2 hivi kwa saa. Kwangu hizo ni kilomita 14. Ukichomeka saa kumi na mbili jioni na kuchomoa saa mbili asubuhi, umepata karibu kilomita 200, nawe umelala. Baada ya nusu saa ya kwanza gusa plagi kwa mgongo wa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa mkono unakimbia, shusha ampea au hama soketi.

Ekstensheni zile nyembamba za matundu manne sizitumii kabisa. Nilinunua mita 20 za waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba) wenye nyuzi tatu, nikafungiwa plagi na soketi nzito. Wakati wa kuchaji naukunjua wote hata kama gari liko karibu, kwa sababu waya uliozungushwa kwenye roli joto lake halina pa kutokea.

Kabla ya kuondoka napiga simu ninakotaka kulala. Siulizi kama kuna umeme, kwa kuwa kila mtu atajibu upo. Nauliza kama kuna chumba chenye AC au hita ya maji, na kama gari linaweza kuegeshwa chini ya dirisha lake. Mara nyingi chumba cha namna hiyo kimevutiwa waya mnene zaidi, wenye swichi yake peke yake kwenye bodi. Halafu nauliza ethi, ule waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Chaja yangu ikikosa ethi inawasha taa nyekundu na kugoma. Kuna mafundi watakaokwambia waunganishe ethi na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, ndani ya plagi ili chaja idanganyike. Tafadhali usikubali. Nyutro ikikatika mahali, bodi lote la gari linaweza kuwa na umeme, na wa kwanza kuligusa huenda akawa mtoto anayeshangaa gari. Vijijini utakutana pia na UMETA, kile kibodi cha umeme tayari kinachofungwa kwenye nyumba isiyo na waya ukutani. Kimewekwa kwa ajili ya taa na mahitaji madogo ya familia. Hapo chaji simu yako, gari liache.

Sasa mwenye mita. Safari ya pili nilifika Mombo nikiwa na asilimia 30 ya betri, na mbele yangu kuna mlima wa kupanda hadi Lushoto. Nikaona mashine ya kusaga, umeme wake wa fezi tatu, na pembeni soketi nzito wanayochomekea mashine ya kuchomelea vyuma. Mwenye mashine alikuwa mama wa makamo, amekaa kwenye debe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo gari si litanimalizia umeme wangu?"

Swali lake lilikuwa la haki, na kumwambia "ni kidogo tu" kusingemsaidia. Nilimwambia ni sawa na birika moja la umeme lililochemka mfululizo kwa muda wote nitakaokaa. Hilo alilielewa papo hapo. Kisha nikamwomba namba ya mita, nikanunua LUKU kwa simu, nikamsomea tokeni tarakimu 20 naye akabonyeza mwenyewe. Alipoona uniti zimepanda kabla sijachomeka chochote, akaagiza niletewe kiti. Tangu siku hiyo sitoi tena pesa mkononi. Mita inasema kweli kwa wote wawili: tunaisoma kabla, tunaisoma baada, na ninahakikisha nimeacha zaidi ya nilichotumia. Kwa bei ya kawaida ya karibu shilingi 356 kwa uniti, usiku mzima wa kuchaji haufiki shilingi 12,000. Kumbuka tu kwamba kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, kwa hiyo ukiwa wa kwanza kununua mwezi huo, uniti zitapungua na usimlaumu mtu.

Kwa ndugu ni pagumu zaidi kuliko kwa mgeni. Shangazi yangu wa Lushoto yuko kwenye bei ya D1, ile ya wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa kama shilingi 122 kwa uniti. Gari langu likinywa uniti 25 kwake usiku mmoja, ni theluthi ya mwezi wake, na akivuka 75 bei ya kinachozidi inaruka zaidi ya mara mbili. Hata nikimnunulia LUKU, matumizi yanahesabiwa kwenye mita yake. Kwa hiyo niliamua kuchaji hotelini mjini. Alinuna. "Mgeni wangu anakwenda kuomba umeme kwa watu?" Ilibidi nikae naye jikoni nimpigie hesabu kwenye karatasi, uniti kwa uniti, mpaka tukakubaliana: kwake nachomeka kwa muda wa saa tatu tu, baada ya saa nne usiku, majirani wakiwa wameshazima na volti zimetulia, na zinazobaki nachukua hotelini. Ukifikia kwa ndugu, uliza kwanza yuko bei gani. Yeye mwenyewe hatakwambia, ataona aibu.

Kuhusu mlima wenyewe: Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 na unapanda kama mita 1,000. Kulinyanyua gari peke yake kunakula karibu uniti 5, mbali na zile za mwendo. Mimi siuanzi nikiwa chini ya asilimia 45, na wala simfuati mwenye haraka.

Kushuka ndiko watu wanakokosea. Wanajaza betri hadi 100 usiku wa kuamkia safari, halafu asubuhi wanateremka kona zote zile kwa breki za miguu, kwa sababu betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea umeme ambao mota inauzalisha inapozungushwa na magurudumu. Toka Lushoto na asilimia 80, weka gia kwenye B, uliache gari lijizuie lenyewe. Mara ya mwisho nilitoka na 80, nikafika Mombo na 81. Nilisimama pale kwenye mashine kumsalimia mama. Kulikuwa na foleni ya madebe, hata sikuchomeka.