Mvuvi wako aseme au akae kimya?

Mdogo wangu wa Ujiji, unauliza kama mvuvi wa dagaa kwenye gemu unayotengeneza azungumze, kwa kuwa washikaji wanadai mhusika bubu anaboa. Mimi ningemwacha kimya.

Claude, mhusika mkuu wa gemu ya Grand Theft Auto III (2001), hasemi neno. CJ, mhusika mkuu wa San Andreas (2004), gemu nyingine ya Grand Theft Auto, hafungi mdomo, na lazima iwe hivyo: mama yake kauawa, ndugu wamegombana, hadithi ni yake. Wako yuko ziwani usiku na karabai, na mchezaji ndiye anaamua ashushe nyavu wapi. Hapo kimya kinamwachia mchezaji nafasi ya kujiona yeye ndiye mvuvi.

Ila usiwape wenzake maswali yanayodai jibu. Nahodha akimwuliza "Mwenzetu yuko wapi?" naye akakodoa macho tu, watu watacheka. Nahodha na wachuuzi wa mwalo wa Kibirizi (pale boti zinaposhusha samaki) waongee wao kwa wao, wabishane bei, wamtanie. Pakihitajika jibu, weka machaguo mawili matatu ya maandishi mchezaji abonyeze.

Halafu kuna gharama (hili washikaji hawalisemi). Sauti zinaongeza uzito wa faili, na nani atapakua gemu nzito kwa bando la jero? Ukibadili sentensi moja, unamtafuta tena aliyerekodi.

Akikolea, toleo la pili anaweza kuanza kusema. Isaac Clarke, mhusika mkuu wa gemu ya Dead Space, alikuwa kimya kwenye ile ya kwanza ya 2008, akaongea kwenye Dead Space 2 ya 2011.