Ukipangiwa Horni ya Tatu, Usikimbilie Kuomba Kuhamishwa

Katika bendi ya shule, karibu kila mwanafunzi anayeanza kupiga muziki wa gwaride hutamani tarumbeta ya kwanza, klarineti au filimbi, kwa kuwa hizo ndizo zinazobeba melodi ambayo msikilizaji ataondoka akiipiga mluzi. Mimi nilipangiwa horni ya tatu, ile ala ya shaba iliyojikunja kama konokono, ambayo mpigaji huingiza mkono wake wa kulia ndani ya kengele yake, yaani mdomo wake mpana unaotoa sauti. Nilikuwa na umri wa miaka 14, na muziki tuliopewa ulikuwa The Stars and Stripes Forever wa Mmarekani John Philip Sousa, ambao hadi leo naupenda kuliko muziki mwingine wote wa gwaride. Naandika haya kwa ajili ya mwanafunzi aliyekabidhiwa karatasi kama yangu, na pia kwa ajili ya mzazi anayemsikia mtoto wake akirudia sauti ileile chumbani bila kujua inaelekea wapi.

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, kwa sababu nota za gwaride huchapishwa ziweze kubanwa kwenye ala mtu akiwa anatembea. Melodi karibu haikuwamo. Ilijaa alama ya kimya, nota fupi, kimya, nota fupi, mstari baada ya mstari. Tuba, ala kubwa ya shaba yenye sauti nzito, na ngoma kubwa hupiga kwenye pigo lenyewe, na sisi wa horni hujibu mara tu baada yake: um-pa, um-pa. Nilipojifunza sehemu hiyo peke yangu sikuona maana yake, na siku ya tatu nilimwendea mwalimu nikamwomba anihamishie kwenye tarumbeta. Hakukubali wala hakukataa. Katika mazoezi yaliyofuata aliwataka wote wenye melodi waweke ala zao magotini, akatuacha tuba, ngoma na horni tuanze peke yetu. Hatukuwa tumepiga hata mstari mzima, nikaona mguu wa mpiga filimbi aliyeketi mbele yangu unagonga sakafu bila yeye kujua. Kisha mwalimu akageuza mambo. Sisi tukanyamaza, melodi ikabaki yenyewe, na kabla hawajafika nusu ya karatasi, klarineti walikuwa wameshawaacha tarumbeta nyuma. Sikuomba tena kuhamishwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usijifunze sehemu ya aina hii kana kwamba inajitegemea. Jifunze kwanza melodi kwa kuiimba mpaka uijue kwa moyo, ndipo upige nota zako huku melodi ikiendelea kichwani mwako. Kosa letu sisi wa horni karibu siku zote ni kuwahi: kimya kinachotangulia nota ni kifupi sana, mpigaji anaogopa kuchelewa, basi anaingia kabla ya wakati wake, na akifanya hivyo mara kumi bendi nzima inajikuta inakimbia. Mimi nilijaribu kuhesabu kwa nguvu zaidi nikazidi kuharibu. Kilichonisaidia ni kumsikiliza mpiga tuba na kuichukulia kila nota yangu kuwa jibu kwake, maana huwezi kumjibu mtu ambaye hajamaliza kusema. Anza na metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 80 kwa dakika, kisha upande taratibu hadi kufikia mapigo 120 au karibu yake, ambao ndio mwendo uliozoeleka wa gwaride. Nota iwe fupi na nyepesi hata pale inapoandikwa ipigwe kwa nguvu.

Mahali panapohitaji uangalifu zaidi ni trio, sehemu ya katikati ambapo muziki unatulia na ufunguo, yaani seti ya nota ambazo muziki umejengwa juu yake, unabadilika. Bendi inatoka kwenye ufunguo wa Mi bemoli na kuingia wa La bemoli, yaani bemoli moja (alama inayoshusha nota nusu hatua) inaongezeka, na kwa mpiga horni maana yake ni kwamba nota ya La inayoandikwa kwenye karatasi yake sasa lazima ishuke nusu hatua. Kwa wiki mbili vidole vyangu viliendelea kubonyeza vali ya kwanza na ya pili kwa mazoea, badala ya ya pili na ya tatu. Usiitegemee kumbukumbu hapo. Chukua penseli na uizungushie nota ya kwanza inayobadilika. Karatasi isiyo na alama za penseli, kwa maoni yangu, haijafanyiwa mazoezi.

Mwalimu alitusimulia pia jinsi muziki huu ulivyozaliwa, na naamini kila bendi inayoupiga ingefaa kusimuliwa. Mwaka 1896 Sousa alikuwa mapumzikoni Ulaya alipopata habari kwamba meneja wa bendi yake, David Blakely, amefariki ghafla. Akapanda meli ya Teutonic kurudi Marekani, na alipokuwa akitembea huku na huko juu ya sitaha, muziki huu ukaanza kumpigia kichwani na haukumwacha hadi alipofika nchi kavu akauandika. Nilikuwa nimeuona kuwa muziki wa shangwe tupu. Tulipopiga trio siku hiyo, hakuna aliyelazimika kutuambia tupunguze sauti.

Na kupunguza sauti hapo ni muhimu kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani, kwa sababu melodi ya trio inarudi, na ikirudi mara ya mwisho inahitaji mahali pa kupanda. Pikolo, filimbi ndogo yenye sauti ya juu, inarukaruka juu yake, tromboni zinaingia na melodi yao nyingine chini, na Sousa mwenyewe, alipoongoza bendi yake, aliwasogeza wapigaji hao mbele ya jukwaa ili waonekane. Horni hubaki vitini.

Usiku wa onyesho letu nilikuwa kwenye kiti changu, midomo ikiwa imechoka, nikiendelea na pa, pa, pa. Pikolo ilikuwa mbele yangu upande wa kushoto, tromboni nyuma ya kichwa changu, kiasi kwamba niliuhisi upepo wao shingoni. Nusu ya kila pigo nilikuwa kimya, na katika nusu hiyo niliwasikia wote. Ukifika hapo kwenye onyesho lako, inua macho kutoka kwenye karatasi. Kufikia siku hiyo utakuwa huihitaji tena.