"Walibaguana" au "walibaguliwa"?

SWALI: Mwanangu yuko darasa la saba. Katika daftari lake la historia nimekuta sentensi hii: "Wakati wa makaburu, watu weusi na weupe wa Afrika Kusini walikuwa wakibaguana." Mwalimu ameiwekea vema. Sioni kosa la sarufi, lakini sentensi inanikwaza. Je, ni Kiswahili sahihi? (Mzazi, Morogoro)

JIBU: Mzazi mwenzangu, umekwazika kwa haki. Upatanisho wa kisarufi umekaa sawa, ila hapo kwenye "-an-" ndipo ukweli ulipopotea.

Kiambishi hicho ni cha kutendana: nikusalimu, nawe unisalimu, tumesalimiana. Ukiandika "walibaguana", umesema kila upande uliubagua mwenzake. Sasa tujiulize, ni mtu mweusi gani aliyembagua Mzungu, na kwa sheria ipi? Sheria ya 1950 iliyoandikisha kila mtu kwa rangi yake, na ile ya mwaka huohuo iliyowagawia watu mitaa ya kuishi kwa rangi, zilitungwa na Bunge la Wazungu watupu. Aliyetembea na kitabu cha pasi, yaani kibali cha kuwa katika maeneo ya Wazungu, mfukoni, akikamatwa bila hicho anawekwa ndani, ni Mwafrika.

Tarehe 21 Machi 1960, huko Sharpeville, watu walikwenda kituo cha polisi bila pasi zao, wajitoe wakamatwe. Polisi waliwaua 69, wengi wao wamepigwa risasi mgongoni, yaani wakikimbia. Nimeshasoma insha inayosema siku hiyo polisi na waandamanaji "walipambana". Ni "-an-" ileile. Hata majumbani mwetu tunaitumia vibaya: mke kapigwa, uso umevimba, majirani wanasema "jana wamepigana tena".

Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, imelifafanua neno "kubagua" kwa Kiswahili chetu wenyewe. Inazungumzia watu wa aina fulani ambao "wanafanywa au kuhesabiwa kuwa dhaifu au duni", wanawekewa vikwazo, huku wengine wakipewa fursa. Lisome taratibu hilo "wanafanywa". Yuko anayefanya na yuko anayefanywa. Kutofautiana rangi hakumdhuru mtu, na kitenzi hicho nakipenda na "-an-" yake, kwa kuwa kweli tunatofautiana. Kubagua ni tendo la mwenye nguvu.

Neno jingine la kuangalia katika daftari hilo ni "makaburu". Kaburu ni Mzungu wa Afrika Kusini mwenye asili ya Kiholanzi. Si jina la kila Mzungu, wala si kisawe cha mbaguzi. Wakili Bram Fischer, aliyeongoza utetezi wa Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia, walimoshtakiwa kwa hujuma dhidi ya serikali, alizaliwa kaburu, na mwaka 1966 akafungwa maisha kwa kuupinga utawala wa ubaguzi. Kwa hiyo afadhali kuandika "utawala wa makaburu" au "serikali ya makaburu".

Mtoto akiandika "watu weusi walibaguliwa kwa rangi yao", mpe alama zote. Ila kauli ya kutendwa nayo inaruhusu mtendaji asitajwe. Ningekuwa karibu naye ningemwelekeza aandike: "Serikali ya makaburu iliwabagua watu weusi wa Afrika Kusini kwa sheria." Na mwalimu umwonyeshe daftari hilo kwa upole, maana kosa hili hata magazetini limejaa.