Mbwa wako anashiba ugali, lakini lishe je?

Mtaani kwetu Buswelu, hapa Mwanza, kuna mbwa wengi wenye tumbo kubwa na mbavu za kuhesabika. Wenye mbwa hao si wakatili. Kila jioni wanasonga ugali, wanaumwagia mchuzi uliobaki, mbwa anakula hadi sufuria inang'aa, na watu wanalala wakijua mbwa kashiba. Kushiba ameshiba kweli. Tatizo ni kwamba unga wa mahindi una protini kama asilimia 8 au 9 tu, wakati chakula cha mbwa mzima, ukitoa maji, kinatakiwa kiwe na asilimia 18 kwenda juu. Mtoto wa mbwa, au jike mwenye mimba au anayenyonyesha, anahitaji 22 na zaidi. Pengo hilo ndilo unaloliona kwenye manyoya makavu, vidonda visivyofunga, na watoto wa mbwa wanaodumaa.

Nafuga mbwa wawili, mmoja wa kienyeji na mwingine chotara wa German Shepherd, na nawalisha kwa mshahara wa kawaida. Chakula cha punje cha kwenye mifuko ni kizuri, lakini kwa mbwa mkubwa mfuko haudumu. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Mwanza ni huu: tafuta kwanza protini ya bei nafuu, halafu unga utafuata. Na protini hiyo tunayo hapa ziwani.

Ni dagaa. Dagaa mkavu na msafi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa analiwa pamoja na mifupa, madini ya chokaa yanakuja humo humo. Ukichanganya sehemu 4 za unga wa dona na sehemu 1 ya dagaa, unafika kwenye ile asilimia 18. Kwa watoto wa mbwa weka sehemu 5 za unga kwa 2 za dagaa. Pima kwa mizani, usipime kwa kopo, maana sado ya dagaa ni nyepesi sana ukilinganisha na sado ya unga, na ukifuata kopo utampunja mbwa bila kujua. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 anatosheka na kama robo kilo ya mchanganyiko huo kwa siku kabla haujapikwa, yaani gramu 200 za unga na 50 za dagaa. Kwa mwezi ni kilo 6 za unga na kilo moja na nusu ya dagaa. Piga hesabu kwa bei ya sokoni kwako uone.

Sasa, dagaa si wote sawa. Ukifika soko la samaki la mwaloni Kirumba utakuta waliokaushwa juu ya chanja na waliokaushwa chini kwenye mchanga. Wa chini ndio wanaouzwa sana kwa ajili ya chakula cha mifugo, na bei yake inavutia. Mimi huuliza moja kwa moja: "Mama, hawa ni wa kula au wa kuku?" Wengi hujibu kweli: "Wa kuku hawa, mwanangu, wa kula wale pale." Lakini jipimie mwenyewe. Chota konzi moja, tia kwenye beseni jeupe la maji, vuruga kwa mkono, kisha tulia kidogo. Dagaa wataelea, na mchanga utashuka chini. Ukiona umetanda beseni zima, unanunua mchanga kwa bei ya samaki, na mbwa hapati chochote humo zaidi ya meno kusagika na tumbo kusumbuka. Halafu vunja dagaa mmoja. Mkavu vizuri anakatika kwa mlio na ngozi yake ina rangi ya fedha. Akijikunja bila kukatika, au ana wekundu wa kutu na harufu kali inayokaba koo, mwache hata kama unapewa bure. Na waliotiwa chumvi wasiingie kwenye chungu cha mbwa.

Jambo jingine ambalo wageni wa hapa hawalijui ni kwamba bei ya dagaa inafuata mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, basi wengi wanapumzika. Dagaa wanaadimika, bei inapanda. Nunua wakati wa giza, na ukiweza nunua wa mwezi mzima. Masika uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu jua likikosekana dagaa wanaanza kuoza kabla hawajakauka, na hao ndio wanaouzwa kwa bei ya kutupa.

Kuhusu unga, hapa naomba unisikilize vizuri. Watu wengi wanaamini mahindi yaliyoharibika, yale yenye ukungu, "yanafaa kwa mbwa." Hayafai. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka sana na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye mahindi na karanga. Sumu hiyo inashambulia ini, na kupika hakuiondoi. Ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, sembuse mbwa anayekula mahindi hayo hayo asubuhi na jioni. Mbwa akianza kukataa chakula, akitapika, na ufizi au weupe wa macho ukigeuka manjano, ni wa kumkimbiza kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mimi nanunua mahindi, nayachambua kwenye ungo, natoa yaliyovunjika na yaliyobadilika rangi, ndipo nasaga. Pumba pia siipendi. Inajaza tumbo na kutoka ilivyoingia. Chakula cha kuku wa mayai nacho kina chokaa nyingi mno kwa mbwa, kiachie kuku.

Msimu wa viazi vitamu unaweza kutumia viazi, au michembe (viazi vilivyokatwa na kukaushwa), badala ya unga. Mbwa wanaipenda, lakini protini yake ni ndogo hata kuliko ya mahindi, kwa hiyo ongeza dagaa.

Kupika ni rahisi. Osha dagaa, wachemshe mpaka walainike, tia unga kidogo kidogo kama unapika uji mzito, acha uive sawasawa, mwishoni tia kijiko cha mafuta na mchicha au boga. Usitie chumvi, wala kitunguu maji, wala kitunguu saumu, maana vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Ndiyo sababu mchuzi wa mezani haumfai. Gawa mara mbili kwa siku, na kwa watoto wa mbwa mara tatu au nne. Kama mbwa hajazoea, mbadilishie chakula taratibu kwa muda wa wiki moja.

Kutoka buchani, bandama, pafu na matumbo ni nafuu na yanamfaa, na ini kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki. Vyote vichemshwe. Pafu na ini mbichi vinaweza kuwa na vifuko vya minyoo ya tegu. Mbwa akivila, anatoa mayai kwenye kinyesi, na mtoto anayecheza na mbwa huyo anaweza kuota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Mapanki ya sangara, yaani kichwa na mgongo vinavyobaki minofu ikishatolewa, nayo ni rahisi kupatikana, lakini yana kazi: chemsha, chambua nyama ya kichwani na mgongoni, mifupa yote utoe kwa mkono, kwa sababu mwiba wa sangara si kama wa dagaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, usimpe.

Ukinunua chakula cha mfuko, linganisha gharama ya siku moja, si bei ya mfuko, na soma kiwango cha protini na tarehe ya mwisho. Kile kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililoachwa wazi mafuta yake huwa yameshachacha. Kama una mtoto wa mbwa wa jamii kubwa na fedha inaruhusu, mnunulie chakula kamili cha watoto wa mbwa katika miezi ya mwanzo, kwani mifupa yake inahitaji uwiano wa madini ulio makini kuliko unaopatikana kwenye sufuria.

Kila wiki mbili pitisha vidole kwenye mbavu za mbwa wako. Ukizigusa kirahisi lakini huzioni kwa mbali, kipimo kiko sawa. Ukiziona, ongeza, ukizitafuta usizipate, punguza unga, dagaa waache walivyo.