Nyota za Hospitali na Goti la Mama

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71 na bima ya Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wazee), ameshauriwa na daktari awekewe goti bandia. Katika tovuti ya serikali, hospitali moja ya karibu nasi ina nyota 4 na nyingine ina 3. Je, nichague ile ya nyota 4 bila kusita?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Usiamue bado, ndugu yangu, kwa kuwa nyota ulizoziona si za goti. Tovuti hiyo, Care Compare, huwapa wananchi alama ya jumla ya hospitali, kuanzia nyota 1 hadi 5, inayochanganya vifo, usalama wa wagonjwa, wanaolazwa tena baada ya kuruhusiwa, maoni ya wagonjwa na huduma kutolewa kwa wakati. Hospitali yaweza kupoteza nyota kwa sababu ya wagonjwa wa moyo au nimonia, ilhali madaktari wake wa mifupa ni hodari.

Fungua ukurasa wa kila hospitali, uende kwenye sehemu ya madhara na vifo, kisha utafute mstari wa upasuaji wa kuweka nyonga au goti bandia. Hapo huhesabiwa wagonjwa wa Medicare wenye miaka 65 na zaidi, yaani rika la mama yako, waliopatwa na madhara kama vile kidonda kuingiwa na vijidudu ndani ya siku 90, na hospitali huelezwa kuwa ni bora kuliko kiwango cha taifa, haina tofauti nacho, au iko chini yake. Nyingi huwa hazina tofauti. Zikiwa hivyo zote mbili, nyota moja ya ziada isikukoseshe usingizi. Ukikuta imeandikwa kwamba wagonjwa ni wachache mno kupimwa, muulize daktari mpasuaji, bila haya, ameweka magoti mangapi mwaka uliopita.

Maoni ya wagonjwa yasome kwa tahadhari, kwani dodoso lake limetafsiriwa kwa Kihispania, Kichina, Kirusi na lugha nyingine kadhaa, lakini Kiswahili hakimo. Kwa hiyo zipigie simu hospitali zote mbili, uulize kama mkalimani wa Kiswahili atapatikana siku ya upasuaji na, zaidi ya yote, siku ya kuruhusiwa, muuguzi anapoeleza dawa za maumivu na dalili za hatari. Hospitali zinazopokea fedha za Medicare zinawajibika kisheria kumpatia mama yako mkalimani bila malipo, basi usikubali kuambiwa kwamba mjukuu atatosha.