Jumamosi ya Pipi na Vichekesho: Nilichojifunza Nikilea Watoto Tampere

Daktari wa meno hakuniuliza wanangu wanakula pipi kiasi gani. Aliniuliza wanakula mara ngapi kwa siku. Nikababaika. Tulikuwa na miezi 5 tu Tampere, mji wa Finland, mwanangu wa kiume ana miaka 6 na meno manne yametoboka, na mimi nilikuwa mama wa kutoa pipi moja moja. Moja akirudi shule, moja akilia baridi kituoni, moja atulie nimalize kupika. Nilikuwa nikiamini kwamba hiyo moja moja ndiyo kiasi.

Alinieleza taratibu, kwa Kiingereza chepesi na ishara za mikono. Kitu kitamu kikiingia mdomoni, bakteria waliokaa kwenye meno hutengeneza asidi, na asidi hiyo hulila jino kwa muda wa kama nusu saa. Wafini wana neno lake, happohyökkäys, yaani shambulio la asidi. Pipi 10 zikiliwa kwa mkupuo baada ya chakula, jino limeshambuliwa mara moja. Zikitawanywa kutwa nzima, limeshambuliwa mara 10, na mate hayapati nafasi ya kulitengeneza. Kisha akachukua karatasi, akaandika neno moja, akalipigia mstari: karkkipäivä. Siku ya pipi.

Nyumba nyingi za Kifini zenye watoto zina siku hiyo, na kwa kawaida ni Jumamosi. Siku nyingine zote pipi hazipo, na mtoto haombi kwa sababu anajua zamu yake inakuja. Majirani zetu Wasweden wana desturi ileile na wanaiita lördagsgodis, pipi za Jumamosi. Kule Sweden ina historia nzito ambayo naona kila mzazi anayeifuata anapaswa kuijua. Kuanzia miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa makusudi, wengine tofi za kunata kati ya mlo na mlo, ili watafiti waone meno yanavyooza. Yakaoza. Wagonjwa hawakuombwa ridhaa. Ushauri wa pipi mara moja kwa wiki ulitokana na maumivu ya watu wale, nami nimewasimulia wanangu walipofikia umri wa kuelewa. Sikutaka waichukulie Jumamosi yao kama kitu kilichoshuka tu kutoka mbinguni.

Sasa nikwambie, mzazi mwenzangu, jinsi tulivyoanza, kwa sababu wiki tatu za kwanza ndizo ngumu na wengi huacha hapo.

Usianze kwa kukataza. Mimi nilianza kwa kukataza: Jumatatu nilitangaza hakuna pipi mpaka Jumamosi, na kufika Jumatano nyumba ilikuwa matanga. Wiki iliyofuata nikageuza. Niliwapeleka dukani Jumamosi kwanza, wakaiona siku yenyewe ilivyo, ndipo nikawaambia kwamba hii itarudi kila wiki, mvua ije, theluji ije. Mtoto anaweza kusubiri jambo alilokwisha kulionja. Ahadi tupu ya mtu mzima haimtoshi, hasa mtoto aliyehamishwa nchi na kuona mengi yakibadilika bila yeye kuulizwa.

Na mwache achague mwenyewe. Madukani huku kuna ukuta mzima wa masanduku ya plastiki yenye vifuniko, kila sanduku na pipi zake, na kijiko kikubwa cha kuchotea. Zinaitwa irtokarkki, pipi za kupima, unachota kwenye mfuko na kulipa kwa uzito. Mwanangu huenda kwenye ukuta ule kama fundi saa. Anafunua kifuniko, anatazama, anafunga. Anahama. Anarudi. Anachota mbili za umbo la chura, anatia mfukoni, anaupima mfuko kwa kiganja, anarudisha macho kwenye sanduku la kwanza. Mwanzoni nilikuwa namharakisha, chukua yoyote twende, basi linaondoka. Nikaja kugundua kwamba dakika zile 20 ndizo peke yake katika wiki ambapo yeye ndiye anaamua na mimi ndiye nangoja. Shuleni anaamuliwa, nyumbani anaamuliwa, hata lugha ameamuliwa. Sasa basi likiondoka, tunapanda linalofuata. Tulikubaliana gramu 150 kila mtoto, na mezani kwenye mizani hesabu anaifanya yeye.

Binti yangu mkubwa yeye aliangukia kwenye salmiakki. Hizi ni pipi nyeusi za mzizi mtamu wa urukususu (liquorice) zilizotiwa kloridi ya amonia, chumvi yenye ukali unaopanda hadi puani. Mara ya kwanza alitema kwenye kiganja changu. Mwezi mmoja baadaye alikuwa akichota hizo tu, kwa sababu wasichana wa darasani kwake walikuwa wakizila. Nilimwacha. Kuna njia nyingi za mtoto kuingia katika nchi ya watu, na ulimi ni mojawapo.

Zikifika nyumbani, zinaliwa kwa kikao kimoja, baada ya chakula, kisha maji, kisha mswaki kabla ya kulala. Kinachobaki hakiendi chumbani. Hapo ni pa kukaza, maana mfuko ukiingia chumbani, Jumamosi inageuka wiki nzima. Siku za kawaida, baada ya kula, wanatafuna vidonge vya zailitoli au bigijii yake. Zailitoli ni tamu kama sukari, ila bakteria wa meno hawawezi kuigeuza asidi, Wafini huiita sukari ya mti wa birch, na utafiti wake mkubwa ulifanyika Chuo Kikuu cha Turku miaka ya 1970. Bigijii ya kwanza ya zailitoli iliingia madukani mwaka 1975. Wataalamu wa hapa hushauri gramu 5 hivi kwa siku, zikigawanywa baada ya kila mlo, na shule nyingi za chekechea huwapa watoto. Kama mna mbwa, ziwekeni juu kabisa, kwa mbwa ni sumu.

Kosa langu kubwa lilikuja mwaka wa pili. Binti alinijibu vibaya Alhamisi, nami kwa hasira nikamnyang'anya Jumamosi yake. Alikaa ameinamisha kichwa wakati mdogo wake anakula, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa majuto, ilikuwa kutoniamini. Nilikuwa nimeivunja ahadi ya mvua ije, theluji ije. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo siku ya pipi haiguswi kwa adhabu wala haitolewi kama zawadi ya maksi nzuri. Ni ya kila mtoto kwa sababu ni Jumamosi, basi. Ukitaka kumwadhibu mtoto, tafuta pengine.

Vichekesho viliingia kwa mlango wa nyuma. Jumamosi ya Kifini ina mpangilio wake: sauna jioni (chumba cha mvuke; ghorofa letu lina sauna ya pamoja, kila kaya ina saa yake), kisha soseji, kisha familia nzima mbele ya televisheni, na kwa watoto ndipo mfuko wa pipi hufunguliwa. Sisi tulikuwa na pipi bila televisheni. Siku moja mwanangu akarudi shule amenyong'onyea. Darasa zima lilikuwa likirudia msemo fulani na kuanguka kwa kicheko, naye akacheka nao bila kujua wanacheka nini. Akaniuliza, "Mama, kwa nini inachekesha?" Sikuwa na jibu.

Msemo ulitoka Putous. Hiki ni kipindi cha vichekesho cha MTV3, kituo cha televisheni cha Finland, kilichoanza 2010, kinarushwa moja kwa moja Jumamosi usiku katika miezi ya baridi. Waigizaji wake hubuni kila mmoja mhusika wake wa kuchekesha, mwenye wigi lake, mwendo wake na msemo wake, na watazamaji hupiga kura kumchagua bora wa msimu. Jumatatu asubuhi misemo ile iko kwenye kila uwanja wa shule. Mtoto asiyeijua yuko nje ya uzio. Sisi tuliokulia Tanga tukirudia maneno ya King Majuto tunalielewa hilo vizuri, mchekeshaji akipendwa, maneno yake hugeuka sarafu, na asiye na sarafu hanunui kitu.

Basi tukaanza kukaa pamoja. Nakushauri uanze na vichekesho vya aina hii, vipande vifupi vya dakika mbili tatu, kabla ya tamthilia ndefu. Mtoto anayejifunza lugha huchoka haraka. Kipande kifupi kikimpita, kingine kinakuja, na msemo unarudiwa kila wiki mpaka unakaa kichwani. Mimi mwenyewe Kifini changu cha mtaani nimekipata pale zaidi ya darasani. Mwalimu alinifundisha kusema kwa usahihi, vichekesho vikanifundisha watu wanakatisha wapi, wananyamaza wapi. Wafini hunyamaza sana katika vichekesho vyao, na kicheko kiko ndani ya ule ukimya.

Kama uko Tampere, utakutana na Kummeli tu, hukwepi. Ni vichekesho vya Yle, shirika la utangazaji la umma, vilivyoanza 1991, vya watu wa mji huu, na hadi leo utamsikia mtu wa makamo kwenye foleni akisema "artisti maksaa", msanii analipa, anapotoa kadi yake. Jina lenyewe kummeli ni rundo la mawe lililopakwa rangi ufukweni ili mabaharia wajue njia. Kwangu mimi, mtoto wa pwani, maana hiyo ilinigusa. Mzee mmoja wa ghorofani kwetu alinisikia nikitamka "nääs", neno la Kitampere kabisa nililolipata humo, akacheka hadi akashika ukuta. Alikuwa amenisalimu kwa kichwa tu kwa miaka miwili. Kuanzia siku hiyo tunazungumza.

Lakini usimwache mtoto peke yake na vichekesho, hasa vya zamani. Vingi vya miaka ya 1980 viliwageuza Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, na Waroma, jamii ya wachache, kuwa vikaragosi. Pirkka-Pekka Petelius, mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa enzi hiyo, aliomba radhi hadharani mwaka 2019 kwa alivyowaigiza, mwaka uleule alioingia bungeni. Mwanangu alipokiona kimoja cha zamani mtandaoni akaanza kucheka, nilizima sauti nikamuuliza: na wakivaa hivyo kutuigiza sisi, je? Alinyamaza muda mrefu. Mazungumzo yale yalitufaa baadaye, siku alipoigizwa yeye uwanjani, kwa sababu alikuwa na maneno ya kulieleza na alikuja kuniambia jioni ileile.

Nilichokuwa sikukitarajia ni Kiswahili. Kilikuwa kinawaponyoka. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kifini, na nilikuwa nimeanza kuchoka kuwakumbusha. Kisha bibi yao akaja kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu. Bibi alikuja na ubuyu, na kila jioni alikuwa na kipande cha kashata kimefungwa kwenye pindo la khanga kwa ajili ya wajukuu. Nilimweleza habari ya mara ngapi na shambulio la asidi. Akanitazama. "Kwa hiyo hadi Jumamosi?" Hadi Jumamosi, mama. Akaifunga tena ile kashata, akaitia kabatini juu, na Jumamosi alikuwa wa kwanza kukaa kwenye kochi, sahani ya kashata mapajani, amevaa soksi za sufu za mjukuu.

Kipindi kikaanza. Mtu akaingia na wigi, akajikwaa, ukimya ule wa Kifini, kicheko. Bibi naye akacheka, kisha akageuka: "Huyo kasemaje?" Nilitaka kujibu. Mwanangu akaniwahi. "Bibi, huyu anajifanya, yaani anajifanya mtu mkubwa wa mji, halafu, halafu kumbe hata ufunguo wa nyumba yake... ameupoteza." Akatafuta neno, akalikosa, akasimama katikati ya sebule akaliigiza kwa mwili mzima, akitikisa mfuko mtupu wa suruali. "Hana mbele wala nyuma," bibi akamsaidia. "Ee! Hana mbele wala nyuma!" Akalirudia mara tatu kwa sauti ya yule mchekeshaji, na dada yake akalidaka.

Bibi aliondoka mwezi Machi. Jumamosi usiku tunampigia simu ya video, tunaiegemeza kwenye bakuli la pipi ikielekea televisheni, naye anauliza kila baada ya dakika mbili, "Huyo kasemaje?" Wanagombania kumjibu.