Plagi imekatikia ndani ya injini, nifanyeje?

SWALI: Ndugu Mshauri, gari langu dogo lenye injini ya silinda nne lilianza kumisi nikiwa njiani kutoka Kimara kwenda Posta, na fundi akashauri tubadilishe plagi zote. Tatu zilitoka bila shida, lakini ya nne ilikatika, kichwa kikatoka na sehemu yenye hesi ikabaki ndani. Fundi anataka kuivunja kwa tindo, kisha apige stata ili vipande vitoke vyenyewe. Mwenzake anasisitiza kwamba lazima silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, ifunguliwe. Nimsikilize yupi?
Msomaji, Kimara

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, na tafadhali usikubali mtu yeyote apige stata. Kauri nyeupe ya plagi ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Kipande chake kikidondoka juu ya pistoni kinaweza kukwaruza ukuta wa silinda au kubanwa kwenye valvu ya kutolea moshi, na hapo hasara ndogo ya plagi inageuka kuwa kazi ya kufungua injini nzima. Sumaku nayo haikusaidii, kwa kuwa haivuti kauri wala alumini.

Injini iachwe ipoe kabisa, kwa sababu silinda hedi nyingi ni za alumini na hesi zake huharibika kwa urahisi plagi inapolazimishwa kutoka ikiwa ya moto. Fundi apulize uchafu wote shimoni kwa kompresa, anyunyizie dawa ya kulegeza kutu, na aiache ifanye kazi usiku kucha. Kesho yake azungushe puli ya krenki kwa spana, kwa mkono, mpaka pistoni ya silinda hiyo ifike juu huku valvu zake zote zikiwa zimefungwa, ili chembe yoyote itakayodondoka isipate njia ya kupenya kwingine.

Baada ya hapo kinahitajika kifaa cha kuchomolea boliti zilizokatika, kile chenye ncha iliyochongoka na hesi za kushoto. Kipakwe grisi nzito ili inase vumbi la chuma, kisha kiingizwe kwenye tundu la kipande kilichobaki, bila kugongwa kwa nguvu, maana kukigonga hutanua kipande hicho na kukibana zaidi. Kizungushwe taratibu, robo mzunguko kutoka, kidogo kurudi, na dawa iongezwe kila kinapogoma. Kikishatoka, silinda ifyonzwe kwa mrija mwembamba uliofungwa kwenye mashine ya kufyonza vumbi na ikaguliwe kwa kamera ndogo ya waya. Hesi zikiwa zimeliwa, fundi anaweza kuweka bushi mpya ya hesi. Silinda hedi ifunguliwe tu iwapo kipande kimegoma kabisa au kuna mabaki yasiyofikika.

Tazama pia kichwa kilichotoka. Kikiwa na kutu nyekundu, basi maji yalituama kwenye shimo la plagi, jambo ninaloliona mara nyingi kwa magari yanayooshwa injini kwa maji ya presha au yaliyopita kwenye madimbwi ya masika. Mwambie kijana wa kuosha gari aifute injini kwa kitambaa chenye unyevu, asiipulizie maji.

Utakapokwenda Kariakoo kununua plagi mpya, chukua moja ya zile tatu zilizotoka salama, uhakikishe namba zake ndizo zinazotajwa kwenye kitabu cha gari, na ulinganishe urefu wa hesi, kwa sababu plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni. Ifungwe kwanza kwa vidole. Plagi ya milimita 14 yenye washa mpya kwenye silinda hedi ya alumini hukazwa kwa nyutoni mita 25 hadi 30. Fundi asiye na spana ya kupimia aizungushe nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko baada ya washa kugusa, kisha aiache hapo.